Orka anapozunguka pisine: watafiti wanahesabu nini?

Video fupi iliyopigwa mwezi wa 9 mwaka 2021 katika parke Marineland, karibu na maporomoko ya Niagara, inchini Kanada, ilizunguka dunia nzima. Ndani yake orka jike jina lake Kiska anajigonga kwenye ukuta wa pisine, tena na tena.

Orka ndiye watu wengi wanamuita nyangumi muuaji, hata kama kwa ukoo yeye ni ndugu ya pomboo. Kiska alikamatwa katika bahari ya Iceland mwaka 1979, akiwa bado mutoto. Alizaa mara tano, na watoto wote wakakufa. Tangu 2011 alibaki peke yake, na orka wa baharini wanaishi kwa vikundi vya jamaa.

Lakini waliomutazama kwa muda murefu waliona mambo yasiyoshitua sana kama ile video: kuzunguka polepole katika njia ile ile, ama kukaa juu ya maji bila kujitikisa. Pengine hayo ndiyo yanaeleza zaidi.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanayaita stereotipi: tendo linalorudiliwa bila kubadilika na bila faida inayoonekana. Simba wa zoo anaenda na kurudi kando ya nyavu. Orka anazunguka, ama anatafuna kingo za simenti na vyuma vya milango ya pisine. Meno yanabaki na ushahidi: utafiti uliotolewa mwaka 2017 uliangalia orka 29 wa kampuni moja, na wote walikuwa na meno yaliyoharibika.

Namna ya kuchunguza ni rahisi, ila inaomba uvumilivu. Mutafiti anaandika kwanza orodha ya matendo yote anayoweza kuona. Kisha, kila dakika chache, anaandika munyama anafanya nini, yuko upande gani wa pisine, anageukia kushoto ao kuume. Anarudi asubui, saa ya chakula, saa ya maonyesho, na wakati watazamaji wameondoka.

Bila hesabu hiyo, ni rahisi kujidanganya. Orka anayezunguka karibu na mulango mbele ya saa ya kula anaweza kuwa anangojea samaki tu. Kujisugua nako si lazima iwe alama ya mateso: orka fulani wa pwani ya British Columbia, wakiwa huru kabisa, wanakuja kusugua miili yao kwenye vijiwe vya ufuko. Wenye kutetea maparke wanasema kwamba video inachagua sekunde mbaya tu, na hapo hawakosei kabisa. Lakini orka anayeweza kuogelea zaidi ya kilometa 100 kwa siku, akipitisha saa nyingi kwa muzunguko mumoja, na hilo likaandikwa siku kwa siku, si sekunde mbaya tena.

Kuna jambo lingine. Tabia hizi zinaweza kubaki hata makao yakitengenezwa, sawa kovu. Kwa hiyo zinaeleza pia maisha ya zamani ya munyama, si pisine ya leo tu.

Mwaka 2019 Kanada ilitoa sheria ya kukataza kufuga nyangumi na pomboo, isipokuwa wale waliokuwa tayari ndani. Kiska, orka wa mwisho aliyefungwa katika inchi hiyo, alikufa mwezi wa 3 mwaka 2023.

Ufaransa pia ilipitisha sheria ya kumaliza maonyesho hayo mwaka 2021. Marineland ya Antibes, parke nyingine yenye jina hilo, ilifunga milango kwa watu tarehe 5 mwezi wa 1 mwaka 2025. Wikie na mwana wake Keijo walibaki ndani ya pisine. Wazo la kuwapeleka Uhispania lilikataliwa, kwa sababu pisine za kule zilionekana kuwa ndogo na zisizo na kina cha kutosha. Kuwaachilia baharini si rahisi: Wikie alizaliwa humo Antibes mwaka 2001, Keijo mwaka 2013, na hawajawahi kuishi baharini.