Nevada: Uwanja wa gofu uliolificha jangwa

Mvua ya Las Vegas haizidi sana milimita 100 kwa mwaka. Hata hivyo, kaskazini mwa jiji hilo la Marekani kuna uwanja wa gofu wenye misonobari, vijito na maporomoko ya maji. Unaitwa Shadow Creek.

Ulifunguliwa mwaka 1989. Tajiri wa makasino Steve Wynn alimpa mbunifu Tom Fazio kipande cha jangwa tambarare, kisicho na mti wala kilima, pamoja na fedha ambazo wabunifu wengi huziota tu. Fazio hakuanza na nyasi. Alianza na udongo. Ardhi ilichimbwa, na kifusi kikarundikwa pembeni kuwa vilima, kisha ikapandwa miti kwa maelfu. Mchezaji akiwa ndani haoni jangwa wala shimo la jirani. Kwa mbali huona milima tu, kana kwamba yuko North Carolina.

Huko Scottsdale, Arizona, Jack Nicklaus alikuwa amefuata njia nyingine katika uwanja wa Desert Highlands, uliofunguliwa mwaka 1983: nyasi vipande vipande, na katikati yake mchanga na mikakati vikaachwa kama vilivyo. Mpira ukipotoka, umepotea. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio ubunifu mgumu zaidi, ingawa picha za Fazio ndizo zinazovutia macho.

Mwanzoni Shadow Creek ulikuwa wa Bw. Wynn na wageni wake, hasa wacheza kamari wakubwa. Mwaka 2000 kampuni yake ilinunuliwa na MGM. Wengi waliuona kwenye televisheni Novemba 2018, Phil Mickelson alipomshinda Tiger Woods na kutia mfukoni dola milioni 9.

Suala zito ni maji. Karibu asilimia 90 ya maji ya bonde la Las Vegas hutoka mto Colorado kupitia Ziwa Mead, ambalo mwaka 2021 lilishuka hadi serikali kuu ikatangaza upungufu kwa mara ya kwanza. Maji ya bafuni na jikoni husafishwa na kurudishwa ziwani. Yanayomwagiwa nyasi hayarudi.

Mwaka huo huo Nevada ilipitisha sheria ya kuzuia, kuanzia 2027, maji ya mto huo kumwagiwa nyasi za mapambo, zile za kandokando ya barabara na mbele ya ofisi. Nyasi za gofu hazikuguswa, kwa kuwa zinachezewa.