Swalini Majumbani Mwenu: Masasi na Newala Siku ya Kimbunga



Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, Ramadhani ikiwa inakaribia, watu wa kusini walikaa wakingoja kimbunga. Kenneth kilikuwa kimekwisha kupita Comoro kikielekea pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na Mtwara shule na sehemu za kazi zikafungwa. Jioni ile kimbunga kikaipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, na makumi ya ndugu zetu wa Msumbiji wakapoteza maisha. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba tulitishwa bure. Kauli hiyo haifai. Anayesimama ukingoni mwa Newala huiona nchi ya Msumbiji kwa macho yake. Kilichopiga huko hakikuwa mbali nasi. Wala vimbunga si vigeni katika pwani hii. Aprili 1872 kimbunga kilivunja merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Ni kweli kwamba huja kwa nadra, kwa kuwa karibu na mstari wa ikweta pepo hazipati mzunguko wa kutosha, na Madagaska hutukinga kwa kiasi fulani. Lakini nadra si kinga.

Familia ya Masasi au Newala itasema: sisi tuko bara, bahari iko mbali. Sawa, kimbunga hula joto la bahari, na kikiingia nchi kavu upepo wake hupungua. Mvua yake ndiyo inayosafiri. Masasi maji hushuka kwa kasi kutoka kwenye vilima vya mawe, na kijito kilichokuwa kikavu asubuhi hakivukiki jioni. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hofu ni upepo usiozuiliwa na kitu, na kingo za mteremko zinazomomonyoka.

Basi nyumba itazamwe mapema, kabla redio haijatangaza lolote. Bati hung'oka kuanzia pembeni, pale upepo unapopata upenyo wa kuingia chini yake. Misumari iliyolegea ipigwe upya, na kenchi zifungwe kwa waya hadi kwenye nguzo za ukuta. Wengine huweka mawe juu ya bati. Upepo mkali huyaangusha mawe hayo juu ya vichwa vya waliomo. Nyumba ya miti na udongo huanza kuanguka chini, maji yanapolowesha ukuta. Mfereji mfupi wa kuyapitisha kando huchimbwa kwa jembe asubuhi moja. Tawi la mkorosho au mwembe lililoinamia paa likatwe, hata kama lina mazao. Kuni kavu, makopa, kibiriti ndani ya mfuko wa nailoni, simu iliyojaa chaji: haya yawe ndani. Na kama nyumba ni dhaifu, mama na watoto wahamie kwa jirani mwenye nyumba imara kabla giza halijaingia. Hapo hapana aibu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wazee wetu huliona zito: mwadhini ameadhini, mvua inamwagika, njia ni tope na giza. Je, baba aiache familia aende msikitini? Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Umar (r.a.) aliadhini usiku wa baridi na upepo, kisha akawatangazia watu waswali walipo, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamuru mwadhini kufanya hivyo katika usiku wa baridi au mvua. Ibn Abbas (r.a.) naye alifanya hivyo siku ya Ijumaa yenye mvua. Watu walipostaajabu, akawajibu kwamba aliyefanya hivyo kabla yake ni mbora kuliko yeye, na kwamba Ijumaa ni wajibu, lakini alichukia kuwatembeza katika matope na utelezi.

Kwa hiyo mwenye udhuru huo huswali Adhuhuri rakaa nne nyumbani, pamoja na ahli yake. Hii ni ruhusa ya sheria yenyewe, wala si ulegevu wa imani. Tungependa maimamu wa vijijini waitangaze kwa kipaza sauti mapema, maana mzee wa miaka sabini hatajiruhusu mwenyewe. Atachukua fimbo yake na kwenda.

Jambo moja huwapoteza watu wengi. Kitovu cha kimbunga kikipita juu ya mji, upepo hunyamaza ghafla, pengine na jua likaonekana. Watu hutoka kuokota mabati. Baada ya muda upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Vijana wasipande paa mpaka tahadhari iondolewe.

Na kwa kuwa wengi wa uwanda wa Makonde hunywa maji ya paa, maji ya kwanza baada ya dhoruba yaachwe yamwagike, kwani yamebeba majani na uchafu. Yanayofuata yakingwe, na ya kunywa yachemshwe.