Ligi ya Miezi 14 na Mstari Iliotuachia

Kutoka soko la Kimironko hadi BK Arena, pale Remera, si mwendo wa kumchosha askari. Katika jumba hilo la watazamaji wapatao 10,000, lililofunguliwa mwaka 2019, ndipo Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ilipozinduliwa Mei 2021. Ndipo pia APR, timu ya jeshi, ilipocheza Mei 2025 kabla ya kwenda Pretoria na kutwaa nafasi ya 3. Mashabiki wa Kimironko hushangilia zaidi mtupo wa mbali, ule wa pointi 3. Ndugu msomaji, ligi ya kwanza ya kulipwa kuutumia mtupo huo ilikufa zamani, nayo haikuishi zaidi ya miezi 14.

Iliitwa American Basketball League. Mwanzilishi wake, Abe Saperstein, ndiye aliyeunda timu mashuhuri ya Harlem Globetrotters. Ilianza Oktoba 1961 ikiwa na timu 8, na moja kati ya hizo, Chiefs, ilikuwa visiwani Hawaii, katikati ya bahari! Mtu yeyote aliyewahi kusafirisha kikosi anaweza kukisia gharama zake. Watazamaji walikuwa wachache na fedha zilikwisha upesi. Los Angeles Jets ilivunjwa Januari 1962, kabla hata msimu wa kwanza kumalizika. Tapers ilianzia Washington, ikahamia New York, kisha Philadelphia, mithili ya kikosi kisicho na kambi.

Kisa cha Cleveland Pipers ndicho kinachostahili kutuliwa. Kocha wake, John McLendon, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufundisha timu ya kulipwa yenye wachezaji wa rangi zote. Alikuwa amejifunza katika Chuo Kikuu cha Kansas chini ya James Naismith mwenyewe, aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891. Mmiliki wa timu, tajiri kijana George Steinbrenner, aligombana na wachezaji juu ya mishahara. McLendon alisimama upande wa vijana wake, akajiuzulu Januari 1962. Alitenda haki, kwani kamanda asiyeulizia posho ya watu wake hana haki ya kudai jasho lao. Nafasi yake ilichukuliwa na Bill Sharman, aliyekuwa ameachwa bila kazi na kifo cha Jets. Pipers ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Kansas City Steers michezo 3 kwa 2. Miezi michache baadaye, mabingwa hao nao hawakuwapo tena.

Msimu wa pili haukufika mwisho. Tarehe 31 Desemba 1962 ligi ilifungwa, na Steers, iliyokuwa ikiongoza, ikahesabiwa bingwa.

Hata hivyo, mstari haukufa. Mwaka 1967 ligi nyingine, American Basketball Association, iliuchukua; NBA ikaufuata mwaka 1979, na Shirikisho la Kimataifa likaukubali mwaka 1984 kwa umbali wa mita 6.25. Mwaka 2010 umbali huo uliongezwa hadi mita 6.75.

Ligi hiyo ilimwokoa pia mtu mmoja. Connie Hawkins, kijana wa Brooklyn, alifukuzwa chuoni mwaka 1961 kwa tuhuma za rushwa ya kupanga matokeo. Hakushtakiwa mahakamani, lakini NBA ilimfungia mlango. Pittsburgh Rens ikampokea, naye akiwa bado hajatimiza miaka 20 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Timu hiyo ilipokufa alizunguka na Globetrotters, kisha akaishtaki NBA. Mwaka 1969 shauri hilo lilimalizwa kwa suluhu, akalipwa fidia na kuruhusiwa kuchezea Phoenix Suns. Alikuwa na miaka 27.