Kadi, Laini na Mtandao Mwenyeji: Istilahi za Simu kwa Msafiri wa Ziwa Tanganyika

Lugha inaposhindwa kutenganisha vitu viwili vilivyo tofauti, anayelipa gharama ni msemaji wake. Jambo hili hudhihirika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mtu aondokaye Kigoma kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura huvuka mpaka akiwa na Kiswahili chake mdomoni na simu yake mfukoni. Akifika ng'ambo ataelewana na watu, ila salio lake litakuwa limeingia katika utaratibu mwingine kabisa. Makala haya yanakusudia kueleza utaratibu huo na kupendekeza istilahi zitakazomsaidia msafiri kuuelewa.

Tuanze na neno laini. Hapo zamani laini ya simu ilikuwa waya uliofika nyumbani au ofisini. Simu za mkononi zilipoenea neno hilo lilihamia kwenye kipande kidogo cha plastiki chenye madini ya kupitisha umeme, kisha likaenea hata kwenye namba na kwenye kampuni yenyewe. Hivyo mwenyeji wa Ujiji aweza kusema "laini yangu imevunjika", "nipe laini yako" na "laini gani inashika hapa?", akiwa na maana tatu mbalimbali. Katika orodha za maneno zinazosambazwa siku hizi yamependekezwa kadiwia na mkamimo kwa ajili ya kile kipande, lakini sokoni hayajashika. Kwa maoni yetu hapana haja ya kuunda neno geni. Kipande kiitwe kadi; haki ya mteja ya kutumia namba fulani iitwe laini; na minara pamoja na mitambo ya kampuni iitwe mtandao. Tofauti hii si ya kubuni tu, kwani leo zipo simu zenye laini isiyo na kadi yoyote ya kuchomeka.

Dhana ya pili ni malipo ya kabla. Mtanzania haihitaji kufundishwa upya, kwa sababu ameizoea katika LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Hata hivyo msafiri ajihadhari na neno moja. Kigoma mtu akisema amenunua yuniti, msikilizaji hufikiria umeme. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, na vilevile Burundi, neno la asili hiyohiyo lililopitia Kifaransa hutumiwa kwa fedha ya kupigia simu, ile tunayoiita vocha au salio. Ndiyo kusema watu wenye lugha moja wametenganishwa na lugha mbili za wakoloni wao. Yafaa neno salio lipewe nafasi ya kwanza katika maandishi rasmi, kwa kuwa maana yake inaeleweka pande zote.

Dhana ya tatu ndiyo ngumu zaidi: kutumia laini ya nchi moja kwenye minara ya nchi nyingine. Wapo wanaoiita kuzurura. Neno hili halifai, kwa sababu mzururaji kwetu ni mtu asiye na kazi wala makao, na uzururaji umewahi kuwapeleka watu mahakamani. Laini iliyovuka mpaka haizururi; ni mgeni mwenye kwao. Kila laini hubeba namba ya utambulisho ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: Tanzania ni 640, Burundi 642, Kongo 630 na Zambia 645. Mnara wa Kalemie ukiisoma 640 hutambua kuwa umepata mgeni, nao mtandao wa huko huuliza mtandao wa nyumbani kama mgeni huyo apokewe. Akikubaliwa, gharama hukatwa katika salio lake la nyumbani. Kwa hiyo twapendekeza huduma ya ugenini, mtandao wa nyumbani na mtandao mwenyeji.

Istilahi hizi zina faida ya kuonya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hupona kwa fedha za mgeni. Ugenini hata kupokea simu huweza kutozwa, jambo ambalo nyumbani ni bure, na kifurushi kilichonunuliwa Kigoma mara nyingi hakifanyi kazi. Katika vijiji vya mpakani simu huweza kushika mnara wa jirani bila mwenyewe kuondoka nyumbani. Ni kweli kwamba mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania ili mteja asihesabiwe mgeni, lakini mpango wa namna hiyo haupo kila mahali.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi huona nafuu kununua kadi ya nchi wanayoiendea. Wachukue hati ya kusafiria, maana kadi husajiliwa. Kwetu usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Aidha, sifuri inayoanza namba zetu hufanya kazi ndani ya nchi tu. Mwenye kadi ya Burundi akipiga namba ya Ujiji kwa kuanza na 07 hatampata ndugu yake. Hana budi kuondoa sifuri na kuweka +255. Namba zihifadhiwe hivyo kabla ya safari. Burundi ni +257, Kongo +243 na Zambia +260.

Mwisho, kadi ya nyumbani isitupwe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, ilhali tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 namba ya simu imekuwa pia mlango wa akiba ya mtu. Aliyefundishwa kwamba laini ni kile kipande cha plastiki atadhani kuwa maadamu anacho mfukoni, hajapoteza kitu. Aliyefundishwa kutenganisha kadi na laini atajua kwamba kadi yaweza kuwa salama na laini imekwisha kwenda.

Wasomaji wa Kigoma, na hasa wale wa ng'ambo ya ziwa, wanaombwa kutuletea maneno wanayoyatumia, ili istilahi zitakazosanifiwa ziwe za ziwa zima.