Bwana Momsen na Watu Waliofungwa Chini ya Bahari

Wasikilizaji wetu, nanyi wanafunzi mtakaoyasoma mazungumzo haya shuleni: sisi tukaao Terrat, na nchi zote zilizo chini ya Mlima Meru, tu mbali na bahari, na wengi wetu hatujaona manowari hata moja. Lakini habari ya leo yatuhusu sote, maana ni habari ya mtu aliyekataa kuona wenzake wakifa hali sauti zao zingali zasikika. Jina lake ni Charles Bowers Momsen, ofisa katika manowari za Marekani. Alizaliwa mwaka 1896, akafa mwaka 1967.

Kwanza yafaa tujue nyambizi ni chombo gani. Nyambizi ni manowari iendayo chini ya maji. Ubavuni ina matangi makubwa. Yakijazwa maji, chombo huzama. Maji yakisukumwa nje kwa nguvu ya hewa, chombo huinuka tena. Mabaharia hukaa ndani, wamefungiwa na kuta za chuma pande zote. Kitu kikiharibika, mlango hauko wa kukimbilia. Apandaye Mlima Meru, ambao kimo chake chapata futi 15,000, huona hewa imekuwa nyepesi na kifua chatweta. Katika maji mambo ni kinyume chake. Kila mtu ashukapo futi 33, huongezewa mzigo sawa na uzito wote wa hewa utulemeao tukiwa pwani. Kwa hiyo kilango kilicho chini sana baharini hukandamizwa na uzito wa tani nyingi, wala hapana mtu awezaye kukisukuma kwa mikono yake.

Mnamo tarehe 25 Septemba, 1925, nyambizi iitwayo S-51 iligongwa na meli ya abiria usiku, ikazama pamoja na watu 33. Watu watatu tu waliokoka. Momsen, aliyekuwa nahodha wa nyambizi nyingine, alitumwa kuitafuta. Akaona mafuta yakielea juu ya maji, akajua ya kuwa rafiki zake wako chini yake. Lakini hakuwa na chombo cho chote cha kuwafikia. Akarudi na swali moja moyoni: mtu aliye hai futi mia chini ya bahari atatolewaje?

Akafikiri, kisha akachora picha ya kengele kubwa ya chuma ishukayo mpaka juu ya kilango cha nyambizi. Akapeleka shauri lake kwa wakubwa, akangoja jawabu zaidi ya mwaka, lisije. Baadaye yeye mwenyewe alihamishiwa ofisi ile ile, akaikuta hati yake imelala kati ya makaratasi. Alipoitoa na kuisemea, akaambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Hata tarehe 17 Desemba, 1927, nyambizi S-4 ikagongwa karibu na mji wa Provincetown, ikazama na watu 40. Wazamiaji waliposhuka, wakasikia mgongo wa chuma ukigongwa kutoka ndani. Watu sita walikuwa hai. Wakazungumza kwa kugonga, pigo fupi na pigo refu, kama wafanyavyo watu wa simu ya upepo. Wale sita wakauliza kama liko tumaini lo lote. Lakini dhoruba ikavuma, kazi ikazuilika, na baada ya siku chache mlio ukanyamaza. Hakutoka hata mmoja.

Tangu hapo Momsen hakutulia. Pamoja na wenzake, Hobson na Tibbals, alitengeneza mfuko wa kupumulia uvaliwao kifuani. Ndani yake mlitiwa oksijeni, na dawa ya namna ya chokaa iliyonyonya hewa chafu itokayo katika pumzi ya mtu. Mwenye kuuvaa aliweza kutoka chomboni na kupanda polepole kwa kufuata kamba mpaka juu. Momsen hakumtanguliza mtu mwingine hatarini. Aliujaribu mwenyewe kwanza, tena kwa kina kilichozidi futi 200. Mwaka 1944, nyambizi Tang ilipozama wakati wa vita, watu watano walitokea ndani yake kwa mifuko ya namna hiyo na kuokoka.

Ile kengele nayo haikusahauliwa. Ofisa mwenzake, Allan McCann, aliitengeneza vizuri zaidi, ikawa tayari mwaka 1930. Ili kuifahamu, twaa kikombe, ukifudikize, ukizamishe wima katika ndoo ya maji. Utaona maji hayakijazi, kwa kuwa hewa iliyofungwa ndani yazuia. Chumba cha kuokolea kilikuwa na orofa mbili: ya juu walikaa watu, ya chini ilikuwa wazi kama kinywa cha kikombe, na ukingo wake umezungushiwa mpira. Mzamiaji alishuka kwanza akafunga waya katika kilango cha nyambizi. Chumba kikajivuta kwa waya huo mpaka kikakaa juu ya kilango. Maji ya orofa ya chini yakasukumwa nje kwa hewa, kisha hewa ile ikapunguzwa. Ndipo uzito wa bahari ukakigandamiza chumba juu ya nyambizi kwa nguvu nyingi. Bahari yenyewe ikawa fundi wa kukaza mlango! Hapo vilango vilifunguliwa, na watu wakapanda bila kulowa.

Siku ya kujaribiwa ikafika tarehe 23 Mei, 1939. Nyambizi Squalus ilikuwa ikizama kwa majaribio karibu na mji wa Portsmouth, maji yakaingia kwa tundu kubwa la hewa la mitambo ambalo halikufungika. Ikaenda chini futi 243. Watu 26 walikufa katika sehemu ya nyuma; 33 walikuwa hai mbele, gizani na katika baridi kali. Momsen aliitwa upesi kutoka Washington kusimamia wazamiaji. Chumba kikashuka kutoka meli iitwayo Falcon: safari ya kwanza kikatoa watu saba, ya pili tisa, ya tatu tisa. Safari ya nne, kikiwa na watu wanane wa mwisho pamoja na waendeshaji wawili, waya ukakwama, nyuzi zake zikaanza kukatika. Basi wakakiinua taratibu sana, watu wa juu wakivuta kwa mikono, wakisaidiwa na hewa iliyotiwa katika tangi la chumba. Baada ya saa sita ya usiku wote wakawa juu. Hakupotea hata mmoja katika wale 33.

Yapata juma moja baadaye, tarehe 1 Juni, 1939, nyambizi Thetis ya Waingereza ilizama karibu na Liverpool. Mkia wake ulionekana juu ya maji; hata hivyo watu 99 walikufa, wanne tu wakaokoka. Hapa twaona ya kwamba ukaribu wa msaada hautoshi, ikiwa chombo na maarifa havikutayarishwa kabla ya msiba.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na watu mamia wakapotea. Wengine walisikika wakigonga chuma kutoka ndani. Meli ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka kwa tundu lile, ikazama. Rudia kile kikombe chako: kama kitako chake kingetobolewa, hewa ingetoka juu na maji yangepanda mara moja. Ndiyo sababu chumba cha McCann hukaza ukingo wake kwanza, ndipo kilango kifunguliwe.

Momsen aliendelea na utumishi wake. Aliwafundisha wazamiaji kuvuta oksijeni iliyochanganywa na heliamu, ili akili zao zisilewe kina kikiwa kirefu, na hewa hiyo ilitumika katika kazi ya kuiinua Squalus mwaka ule ule. Wakati wa vita alichungua kwa nini mabomu mengi ya nyambizi hayapasuki, mpaka kosa likapatikana. Akastaafu mwaka 1955, naye ni makamu wa admirali. Mwaka 2004 manowari mpya ya Marekani ilianza kazi, nayo yaitwa Momsen.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Wale watu sita wa S-4 waliuliza kama liko tumaini, na hapakuwa na jawabu. Miaka kumi na miwili haikutimia, wenzao 33 wakagonga vivyo hivyo, wakajibiwa. Kwa kuwa mtu mmoja, aliyeambiwa haiwezekani, alikuwa ameliandaa jawabu mapema.