Ndege ya foamu isiyo na mkia: jinsi ya kuitengeneza kwa gharama ndogo na kuirusha salama

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani ili kutengeneza ramani. Ndege zilizotumika hazikuwa na rubani ndani na hazikuhitaji uwanja. Mtu alizishika na kuzirusha kwa mkono. Upana wake ulikuwa kama mita moja, mwili wake ulikuwa wa foamu, na hazikuwa na mkia. Zilikuwa bawa tu, lenye pangaboi nyuma. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa walioshiriki katika kazi hiyo.

Ndege zile zilitengenezwa Uswisi na bei yake ni kubwa. Lakini umbo lake halina siri. Kijana mwenye foamu, kisu, rula na subira anaweza kutengeneza ndege ndogo ya aina hiyo, ya kuongozwa kwa rimoti. Katika makala haya tunaeleza vifaa vinavyohitajika, vipimo, namna ya kuirusha, na mambo mawili ambayo yanaweza kukuletea hasara au hatari: betri na sheria.

Kwa nini haina mkia?

Ndege ya kawaida ina mkia ili itulie. Mkia uko mbali na bawa, kwa hiyo hata ukiwa mdogo unaweza kuinua au kushusha pua, kama mtaimbo mrefu unavyonyanyua jiwe zito kwa nguvu kidogo. Ukiondoa mkia, unapunguza uzito, vifaa na kazi ya kujenga. Pia kunabaki vitu vichache vya kuvunjika ndege inapotua kwenye majani.

Wazo hili si geni. Ndugu wawili wa Ujerumani, Walter na Reimar Horten, walijenga ndege za namna hii tangu miaka ya 1930. Ndege ya kivita ya Marekani iitwayo B-2, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1989, nayo ni bawa tupu lenye upana wa zaidi ya mita 52.

Hata hivyo, kuondoa mkia kuna gharama yake. Ndege isiyo na mkia haisamehe uzito uliokaa vibaya. Unaweza kukata foamu ovyo kidogo na bado ikaruka. Ukikosea mahali pa kuweka betri kwa sentimita mbili au tatu, fedha zako zote zinaweza kuanguka chini ndani ya sekunde mbili. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa ndege yenye upana wa mita 1 utahitaji:

- Foamu ya unene wa sentimita 2. Ile nyeupe inayofungiwa friji na televisheni inafaa kwa kuanzia. Kuna aina nyingine laini zaidi ambayo ikikunjwa hurudi yenyewe. Hiyo hudumu zaidi lakini huuzwa.
- Mota ndogo isiyo na brashi, ya ukubwa unaoandikwa 2212, yenye namba 1400 KV, pamoja na pangaboi la inchi 8.
- Kidhibiti mwendo cha ampea 30, ambacho huamua mota izunguke kwa kasi gani.
- Sevo 2 za gramu 9. Hizi ni mota ndogo za kusogeza sehemu za nyuma za bawa.
- Rimoti na kipokezi chake.
- Betri ya lithiamu-polima ya seli 3, yenye uwezo wa mAh 2200, na chaja yake maalum.
- Spoku za baiskeli, ufito mwembamba wa mwanzi, selotepu pana na gundi ya moto ya vijiti.

Vifaa vya umeme vikiagizwa kwa mtandao, rimoti na chaja zikiwemo, jumla huwa kati ya dola 100 na 150 za Marekani kabla ya usafirishaji na ushuru. Rimoti ndiyo yenye bei kubwa, lakini hainunuliwi tena. Ukiivunja ndege, vifaa vyake mara nyingi hupona na kuhamia kwenye bawa jipya. Kwa hiyo vijana watatu au wanne wakichangiana, mzigo unakuwa mwepesi.

Angalizo kuhusu gundi: usitumie gundi ya viatu wala rangi ya kupulizia kwenye foamu nyeupe. Huila na kuiyeyusha.

Kukata bawa

Bawa lina pande mbili zinazofanana, kila moja urefu wa sentimita 50. Katikati, zinapokutana, upana wa bawa kutoka mbele kwenda nyuma ni sentimita 30. Kwenye ncha, upana ni sentimita 20. Ncha nazo zimerudi nyuma: ukipiga mstari wa moja kwa moja kupita mbele ya bawa pale katikati, ukingo wa mbele wa kila ncha uwe sentimita 20 nyuma ya mstari huo. Ukitazama kutoka juu utaona umbo kama la mbayuwayu.

Piga msasa ukingo wa mbele uwe mviringo, na ukingo wa nyuma uwe mwembamba. Chimba mfereji mdogo upande wa chini na ulaze ufito wa mwanzi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ugundishe. Ufito huo ndio uti wa mgongo. Bila huo, bawa hupinda au hukatika katikati. Funika ukingo wa mbele kwa selotepu, na weka pezi dogo lililosimama kwenye kila ncha ili ndege isiyumbe kulia na kushoto.

Mota hukaa nyuma katikati, juu ya kipande cha plaiwudi. Isogeze nyuma kidogo ili pangaboi lisiguse bawa linapozunguka. Faida ya kuiweka nyuma ni kwamba ndege ikitua kwa pua, pangaboi haligongi chini. Upande wa pangaboi wenye maandishi utazame mbele, kule ndege inakoelekea. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya wowote mbili kati ya zile tatu zinazotoka kwenye kidhibiti mwendo.

Sentimita 13: kipimo kinachoamua kila kitu

Mwendesha bodaboda anajua kwamba akifunga mzigo mzito nyuma kabisa ya kiti, gurudumu la mbele huanza kunyanyuka na usukani hausikii. Ndivyo ilivyo kwa bawa hili. Uzito ukikaa nyuma mno, pua huinuka, ndege hupoteza mwendo, huzunguka na kuanguka. Hapo hata rubani hodari hawezi kuiokoa.

Kila ndege ina mahali ambapo ukiinyanyua kwa vidole viwili inalala sawa bila kuelemea mbele wala nyuma. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kwa vipimo tulivyotoa, kitovu kiwe kati ya sentimita 13 na 14, ukianza kupima kwenye ukingo wa mbele wa bawa pale katikati. Anza na 13. Ukikaribia 16, bawa halitulii tena. Tofauti ya kuruka na kuanguka ni upana wa vidole viwili.

Kwa kuwa mota iko nyuma, betri lazima ikae mbele sana. Ndiyo maana huongezwa pua ya foamu, kama kijisanduku, inayotokeza sentimita 10 hivi mbele ya bawa, na betri hulala humo. Kumbuka kwamba kipimo cha sentimita 13 hakianzii kwenye ncha ya pua hii, kinaanzia kwenye bawa. Weka alama mbili chini ya bawa, moja kila upande wa pua, inyanyue kwa vidole kwenye alama hizo, kisha sogeza betri hadi ilale sawa. Fanya hivi vifaa vyote vikiwa ndani. Rudia kila unapobadilisha betri. Kazi hii haigharimu hata senti moja.

Ndimi na rimoti

Nyuma ya kila upande kata ulimi wa upana wa sentimita 5, kuanzia sentimita 12 kutoka katikati hadi karibu na ncha. Urudishe kwa selotepu ili iwe bawaba. Kila ulimi husukumwa na sevo yake kwa kipande cha spoku.

Ndimi hizi mbili hufanya kazi zote. Zikipanda pamoja, pua huinuka. Zikishuka pamoja, pua hushuka. Ulimi wa kulia ukipanda na wa kushoto ukishuka, ndege hulalia kulia. Rimoti nyingi zina mpangilio wa kuchanganya amri hizi mbili kwa ajili ya bawa lisilo na mkia. Uwashe mpangilio huo, kisha simama nyuma ya ndege na ukague kila upande kabla ya kwenda uwanjani.

Rimoti ikiwa katikati, ndimi zote ziwe zimeinuka milimita 3 hivi. Mwinuko huo mdogo hufanya kazi ambayo mkia ungeifanya. Kwa kuanzia, zisogee milimita 8 kwa kupanda na kushuka, na milimita 12 kwa kulalia upande.

Panga pia rimoti ili mawasiliano yakikatika mota izime yenyewe. Ijaribu ndege ikiwa imeshikwa imara chini na pangaboi likiwa limetolewa.

Betri: usilale ikiwa inachajiwa

Betri hizi ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zikitobolewa, zikijazwa kupita kiasi au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huwaka moto mkali. Katika nyumba ya makuti au nyasi, hilo ni janga.

Betri ya seli 3 ikijaa husoma volti 12.6. Tua kabla haijashuka chini ya volti 10.5. Ichaji kwa ampea 2.2, si zaidi, na itachukua kama saa moja. Chaja ya simu haifai kabisa. Chaja nyingi za betri hizi hupokea umeme wa volti 12, kwa hiyo asiye na umeme wa gridi anaweza kutumia betri ya sola au ya gari.

Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na godoro, mafuta na watoto. Betri ikivimba usiitumie tena.

Siku ya kwanza ya kuirusha

Chagua asubuhi isiyo na upepo, uwanja mpana wenye majani marefu, bila watu, mifugo, barabara wala nyaya za umeme. Kwanza irushe bila mota, ukielekea upepo unakotoka, ikiwa imelala sawa. Ikishuka taratibu na kutua mbele, mizani ni nzuri. Ikizama pua, inua ndimi kidogo. Ikiinua pua kisha ikaanguka, sogeza betri mbele.

Kisha fanya kwa mota. Mtu mmoja airushe, mwingine ashike rimoti. Mota iwashwe ndege ikishaondoka mkononi, kwa sababu pangaboi liko nyuma na linaweza kukata vidole. Ipandishe juu kwanza, ndipo ujifunze kukata kona. Usiiache ipotee machoni. Betri itakupa kama dakika 10.

Sheria inasemaje?

Hapa wengi hupata hasara hata kabla ya kujenga. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina kanuni za ndege zisizo na rubani, na usidhani kwamba yako haihusiki kwa kuwa ni ya foamu. Kuingiza nchini au kurusha bila kibali kunaweza kusababisha kifaa kushikiliwa forodhani, faini au kesi. Uliza kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kabla ya kutuma fedha, na mjulishe mwenyekiti wa kijiji au chifu kabla ya kurusha.

Nchi nyingi zimeweka kikomo cha futi 400, yaani mita 122 kutoka ardhini. Kaa mbali na viwanja vya ndege, kambi za jeshi na hifadhi za wanyama. Ukifunga kamera, usipige picha nyumba za watu bila ridhaa yao.

Baada ya hapo?

Januari 2020, shirika la UNICEF lilisaidia kufungua chuo cha ndege zisizo na rubani mjini Lilongwe, Malawi, ambako vijana walijifunza kuzijenga na kuzirusha. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege za namna hii hupeleka damu hospitalini. Wanaofanya kazi hizo wanahitaji ujuzi uleule tuliouzungumza hapa: kupima uzito, kukagua waya, kutunza betri na kuomba kibali.

Kwa hiyo, kama fedha ni kidogo, okoa kwenye foamu, usiokoe kwenye vipimo. Ikiwa una swali kuhusu sehemu yoyote ya makala haya, tutumie ujumbe, nasi tutalijibu kwenye kipindi.