Mto Uliopotea kwenye Ramani ya Goma

Nilikuwa nimefuata mambo ya kiwanja tu. Yule mzee mpima-ardhi, ambaye majirani wote humwita Papa, akatandaza mezani ramani ya kikoloni ya Goma, imechakaa kwenye mikunjo. Mistari ya mwinuko imeizunguka volkano ya Nyiragongo kama ukindu wa kikapu. Nikauliza: mito iko wapi? Akacheka, akaniambia nitafute.

Nilipitisha kidole kutoka uwanja wa ndege hadi mpakani, kisha kuelekea Mugunga. Hakuna hata uzi mmoja wa buluu. Upande wa Rwanda, Sebeya unashuka hadi ziwani. Kwetu, weupe mtupu. Mvua yetu, anasema Papa, hainywewi na mto, hunywewa na jiwe. Huzama kwenye lava, ikasafiri chini kwa chini na kuchomoza kama chemchemi ndani ya Ziwa Kivu. Ndiyo maana chukudu zetu za mbao zinapanda kutoka ziwani alfajiri zimebeba mabidoni ya njano.

Lakini mto ulikuwepo. Zamani sana maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, kuelekea Rutshuru na Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa, hadi yakamwagikia kusini, pale Bukavu. Huo ndio mto Ruzizi.

Papa akaleta karatasi ya pili. Kusini ya Bukavu mistari imebanana hata wino umeungana: kutoka Kivu, karibu mita 1,460, mto unaanguka hadi Tanganyika, karibu mita 770. Alichonionyesha Papa hapo sitakisahau. Usianze na daraja, alisema. Tafuta mistari inapoachana kidogo. Hapo ndipo watu walivukia kabla ya daraja lolote. Mwaka 1910 wakubwa wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikubaliana mipaka huko Brussels, na kivuko cha wanakijiji kikawa cha mataifa.

Na korongo la kale, lile la kaskazini, limelala wapi hasa? Chini ya Nyiragongo, au kati yake na Nyamulagira? Papa aliinua mabega tu.

Lava ya 2002, iliyopita katikati ya mji na kufunika ncha ya uwanja wa ndege, ameichora mwenyewe kwenye ile ramani ya Goma kwa penseli nyekundu. Ya 2021 bado.

Ramani hiyo aliinunua sokoni, ikiwa karibu kufungiwa karanga. Mwenye nyingine nyumbani, tafadhali, asiipeleke huko.